Mwonjaji wa Mkate wa Chai

Hadija, mke mwenzangu,

Huna haya. Kutoka Rebero mpaka hapa Biryogo, pikipiki inafika kabla maji ya chai hayajachemka. Ungekuwa Ulaya ningekulilia kwa adabu, kama wanavyofanya bibi wenzangu. Lakini uko kilima cha pili! Jioni taa za huko kwenu zinawaka mojamoja, na mimi nimejichagulia moja, nasema ile ni ya Hadija. Labda ni ya baa. Naiangalia hivyo hivyo.

Idi ilipita, leo tuko Shaabani, mguu wako haujakanyaga uani kwangu. Najua utasema, "Bibi, si wewe uliyenifukuza?" Ndiyo, ni mimi. Lakini maneno mengine ya bibi hayatiiwi, mjinga wee.

Anayeandika ni Mama Zuhura, jirani yetu wa cherehani, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemkataza kulainisha. Nikisema mjinga, anaandika mjinga.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka sita, wewe ndiye uliyekuwa ulimi wangu wa Ramadhani? Wanawake wengine wakifunga wanaonja chakula kwa ncha ya ulimi, wanatema. Wanasema hakuna ubaya. Mimi ulimi wangu siuamini, ungemeza wenyewe na kunitia dhambini. Kwa hiyo nilikuwa na wewe, mdogo usiyefunga. Usiku tuliloweka zabibu na vipande vya nanasi kavu ndani ya chai ya mukaru, kali, bila maziwa. Ulikuwa unafunua bakuli kila mara kuangalia kama zabibu zimelewa. Alasiri tunamwaga humo unga kikombe, sukari kikombe kile kile, yai moja, halafu nakupa mwiko ulambe.

"Sukari bado, Bibi."

"Hakika?"

"Bado kabisa. Huu ni ugali."

Ukikuta kibaya nilikinga kiganja, unatema humo humo, mimi nanawa, tunaendelea. Babu yako alikata kopo la mafuta likawa chombo cha kuokea. Tuliliweka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ulikuwa unakaa mbele ya jiko la mbabula kama mlinzi wa benki.

Na ile siku ya chumvi, sijui kama unaikumbuka kama mimi. Uligeukia ukutani na mwiko, ukafuta midomo kwa kanga yangu, ukasema, "Tamu, Bibi." Basi nikaoka. Adhana ikaingia, Babu yako akala tende, akakata kipande, akatafuna. Akaangalia dari. Akameza kwa nguvu za Mungu.

"Mke wangu," akasema, "babu zangu walitoka pwani, mimi bahari sijaiona. Lakini leo nimeionja."

Kopo la chumvi na kopo la sukari yalikuwa ndugu mapacha, nikachanganya. Na wewe mwonjaji umejificha nyuma ya pazia, unalia. "Sikuonja, Bibi. Nilikuwa nimefunga. Nilitaka nifunge kama nyinyi." Tangu alfajiri, mtoto wa miaka sita, bila hata tone la maji! Nilikuvuta sikio. Halafu nikakukalisha mapajani nikakulisha uji kwa mkono wangu kabla mimi mwenyewe sijala, na Babu yako akacheka mpaka akapaliwa. Akasema huyu mke wangu mdogo ana imani kuliko mkubwa. Tangu hapo nikakuita mke mwenzangu.

Usiku ule nilikwambia, "Ukitaka kufunga, funga. Lakini ukiniambia umeonja, uwe umeonja. Kinywa chako ni changu." Ukakubali. Na kweli, miaka yote iliyofuata hukunionea huruma hata mara moja. Matofali, ulisema. Godoro, ulisema. Nilikupenda kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote, maana mtaa huu umejaa watu wa "asante sana Bibi, Mungu akuzidishie."

Basi ndiyo maana Idi ile niliumia.

Ulikuja na mumeo. Gari mkaliacha barabarani kwa sababu vichochoro vyetu haviko na heshima kwa magari. Umependeza, umenukia. Nikakukatia mkate. Uliuma kidogo, ukatabasamu kwa meno ya wageni, ukasema, "Tamu sana, Bibi." Halafu mkawa na haraka. Nyinyi mmetoka, mimi natandika kiti, naona chini ya mto kuna kitambaa cha karatasi. Kipande kile kile. Umekiuma mara moja, na hata hilo tonge ulilouma limo humo humo, limetemwa.

Ulitemea karatasi, Hadija. Kiganja changu kilikuwa hapo.

Nikakupigia simu, nikakwambia kama umekuwa mgeni wa kunidanganya, kaa huko huko Rebero. Ukakaa.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu. Baada ya kukata simu, nilichukua kile kipande nikakila, nijue ulichokikimbia. Sikukuta kitu. Si tamu, si chumvi, si chungu. Nilitafuna kama pamba ya mto. Nikaenda kwenye kopo la chumvi, nikaweka kidole kizima mdomoni. Hakuna. Nikadhani ni mafua, yatapita. Hayajapita. Pilipili inaniwasha tu, haina ladha. Tende ni kitu kinachonata. Mpaka leo sijui ule mkate ulikuwa na nini. Wewe ndiye unayejua.

Mama Zuhura ameinua kichwa, ananiangalia. Andika, mwanamke.

Naendelea kuoka, kila Ijumaa. Nafanya nini kingine? Babu yako yuko udongoni, wewe uko kwenye taa. Nakata vipande, nagawa kichochoroni, sahani zinarudi safi. "Asante Bibi." Hakuna hata mmoja anayeniambia. Na kuku wa Mama Zuhura wamenenepa sana mwaka huu. Sasa ameacha kuniangalia, anaangalia sindano yake. Sitamuuliza.

Kuzeeka sikuogopi. Ninachoogopa ni huu ukimya wa watu wema. Jioni namimina chai vikombe viwili, mkono umezoea, halafu cha pili nakinywa mwenyewe kikiwa baridi. Chai ya moto nayo sasa ni maji ya moto tu. Ramadhani inakuja, nitakata mkate peke yangu, nitautafuna bila kujua nimefuturu kwa kitu gani. Ulinionea huruma, mwanangu, na huruma ndiyo iliyoniacha peke yangu. Ulikuwa mtu wa mwisho anayenijua vya kutosha kunitukania mkate.

Nami nilikufukuza. Hilo nalo lilikuwa kosa, kubwa kuliko la makopo. Umelisikia. Sirudii.

Sasa fanya hivi. Njoo Alhamisi, kabla mwezi haujaandama. Usilete keki ya dukani, nitawatupia kuku. Usile kwako, njoo na njaa. Zabibu zitakuwa zimelala ndani ya chai. Usibishe hodi kwa maneno matamu, pita moja kwa moja mpaka kwenye mbabula. Nitakupa mwiko. Lamba kwanza, salamu baadaye. Ikiwa ni mbaya, usitafute karatasi. Nitakuwa nimekinga mkono.

Bibi yako, mke mwenzako mkubwa