Gauni la Usharika Limeongezwa Mbavuni

Kamuli, Karagwe
Msimu wa senene

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwanao wa huku kwenye migomba nakusalimu nikiwa mzima wa afya, na natumaini goti lako limepoa, unaenda kanisani bila fimbo. Kama bado linasumbua, acha ubishi, umruhusu dada akuchotee maji. Sisi hatujambo. Baba Rehema anazunguka na baiskeli yake kukagua kahawa za watu, na Rehema sasa anaongea Kinyambo mpaka mimi mama yake ananitafsiria sokoni.

Cherehani yangu ya mkono haipumziki, na hapo ndipo habari ilipo, kwa hiyo kaa vizuri. Vile vitambaa vyeupe vya makochi ulivyonifumia nilipoolewa, nimevikata. Usipige kelele, soma kwanza.

Tangu nguo ziadimike madukani, kitambaa cheupe huku hakipatikani hata kwa dawa. Usharika una gauni moja tu la harusi, na kila bibi harusi, mugole kama wanavyosema hapa, analivaa hilo hilo. Mimi ndiye ninayelitunza. Mwembamba nampunguzia, mnene namfungulia, na sheria yangu ni moja: mkasi haugusi. Nakunja kwa ndani, napiga bandi, harusi ikiisha nafumua. Sasa mwezi uliopita nikiwa kitandani na malaria, familia moja ikalipeleka kwa fundi wao wa gulioni. Fundi yule! Kaona kitambaa kimekunjwa ndani ya mshono, akadhani kimezidi, akakikata chote.

Basi akaja Koku, binti wa jirani yangu, harusi Jumamosi. Koku ana mwili, Mama. Ndio mwili wa ukoo wao, hata bibi yake anaingia mlangoni kiubavu. Tulivuta zipu, ikagoma. Mgongoni pamebaki wazi upana wa kiganja kizima. Koku akakaa chini, akalia.

"Nitavaa kitenge," akasema. "Acha wafurahi."

Elewa kwamba hapa, kama huko kwetu, msichana aliyekwisha kushika mimba haolewi na jeupe. Anavaa kitenge, bila shela, na kanisa zima linajua maana yake. Na mama mkwe mtarajiwa wa Koku, kule Bugomora, alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba unene ule una sababu. Wala haukuwa na sababu yoyote! Lakini Koku angeingia na kitenge, imekwisha, jina lile lingemganda maisha.

Mama, nilimwona yeye nikajiona mimi. Mwaka wangu nao nguo hazikuwapo, nikaolewa na kitenge, na wewe ukajifungia jikoni kwa maneno ya watu, mpaka Rehema alipozaliwa mwaka wa pili ndipo wakafunga midomo. Niliinuka nikaenda sebuleni, nikavivuta vitambaa vyako kimoja kimoja. Baba Rehema akauliza, "Vipi tena?" Nikamwambia akalie kochi tupu, halimng'ati.

Kazi yenyewe ilikuwa kuongeza bila kuonekana umeongeza. Ukitia kiraka kiunoni peke yake, Bugomora nzima itasema tumbo limeomba nafasi. Kwa hiyo nilifumua mishono yote miwili ya mbavuni, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, nikaingiza vipande vyako vya maua, na chini yake nikaweka bitana ya foronya. Kisha nikatia maua hayo hayo mikononi na shingoni, makusudi, ionekane ni urembo. Jumamosi Koku aliingia kanisani kama mwenye kanisa. Vigelegele, Mama! Wanawake wakaniuliza lesi ile imetoka Ulaya gani. Nikasema imetoka Sikonge, kwa mama yangu mzazi. Niliringa, sikufichi.

Juzi nikasikia hodi. Nani? Mama mkwe wa Koku, kapanda lori la kahawa kutoka Bugomora, na mkungu wa ndizi juu. Alisifu chai, akamsifu mtoto, akasifu hata kuku wangu. Mwisho akasogeza kigoda.

"Waitu, nakuomba mwanangu, binti yetu mdogo naye anaolewa baada ya Krismasi. Zile lesi zinaweza kupanuliwa kidogo?"

"Naye ana mwili?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Ana miezi minne."

Mama, nilikuwa na maneno! Yalinijaa mpaka kooni. Lakini kwenye migomba nje nikaona kanga: binti mwenyewe kasimama, kajifunika mpaka kidevuni, anaogopa kuingia. Hasira ikaniisha. Nikamwita ndani nikampima. Mama yake akauliza kwa sauti ndogo, "Na mchungaji je?" Nikamjibu mchungaji ana macho yake, mimi ni fundi wa nguo, si wa matumbo.

Katika vile ulivyonifumia kilikuwa kimebaki kitambaa kikubwa cha mezani. Nimekikata jana. Sikumfanyia yule mama hata kidogo. Nimefanya kwa sababu siku yetu, mimi na wewe, hakuna jirani aliyetukatia chake.

Nisalimie dada na wanawe, na mjomba fundi baiskeli, mwambie mkwewe bado anasifu pampu aliyompa. Msalimie na shangazi yule aliyesema sana siku ya harusi yangu. Nasikia binti yake ana mchumba. Mwambie anitumie vipimo tu, nitashona na sitauliza kitu.

Wako nikupendaye, fundi wa Kamuli,
Tabitha, Mama Rehema