Bangili Mbili za Nyuzi Tatu

MAELEZO YA PILI YA SHAHIDI
(Yanasahihisha maelezo ya tarehe 12 mwezi wa sita)

Shahidi: Mwanamke, anajulikana kwa wateja wake kama Bi Nyundo. Jina kamili limo ndani ya jalada.
Umri: Miaka 61
Kazi: Sonara wa fedha
Makazi: Chumba cha nyuma ya duka lake, mtaa wa wauza vitambaa
Yameandikwa: Tarehe 2 mwezi wa tisa, kuanzia saa tatu na robo asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natengeneza bangili, pete na hereni za fedha kwa mkono tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Kazi hii nilifundishwa na marehemu baba yangu. Leo sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Afisa amenionya kwamba kusema uongo mbele ya polisi ni kosa, nami nimemjibu kwamba hilo ndilo lililonileta.

Mnamo tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka jana, mchana, waliingia dukani kwangu wanawake wawili waliokuwa wakishona mashati katika kiwanda kilicho nyuma ya mtaa wetu. Mmoja alikuwa na doa jeusi chini ya mdomo, na wenzake walimwita Kidoti. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita, hajaolewa, akiishi na mama yake. Mwingine alikuwa wa umri huohuo na kimo hichohicho, mke wa mtu, na walimwita Kimya. Ukimwona mara moja tu unajua jina hilo limetoka wapi. Kidoti ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili, hata bei alipatana yeye. Aliniuliza kama fedha yangu naichimba mwezini. Nikamwambia za shaba zimejaa sokoni, ila asije kwangu mkono ukishageuka kijani. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Tangu hapo tukawa watu wa kutaniana.

Walitaka bangili mbili zinazofanana kabisa. Kidoti alisema wao ni ndugu, ila mama zao hawajuani.

Niliwapima kwa uzi. Nilipouzungusha kwenye mkono wa Kimya, aliurudisha haraka. Akasema niache nafasi, kwa sababu mkono wake huvimba mara kwa mara. Nilidhani ni kazi ya cherehani. Nimepima mikono ya watu miaka arobaini na miwili, nilipaswa kujua.

Kila bangili niliitengeneza kwa nyuzi tatu za fedha zilizosukwa kama nywele. Zilinichukua siku tisa. Sikuzitia mhuri wala jina. Siku niliyowakabidhi, hata mimi nisingeweza kusema ipi ni ya nani.

Niliwapa maelezo ninayompa kila mnunuzi. Usioge nayo, usilale nayo. Jipake marashi kwanza ndipo uivae. Ikififia isugue kwa kitambaa laini kikavu, siyo majivu wala dawa ya meno, na ukiivua uifunge isipigwe na hewa. Kimya alifuata yote. Kila baada ya miezi mitatu aliniletea niikague, ikiwa kwenye kipande cha flana, inang'aa kama nimeitengeneza jana. Kidoti hakuivua hata siku moja. Alioga nayo, akafua nayo, akashonea nayo. Nilipomgombeza alisema, "Mama, kama ni ya kukaa kabatini, si bora ningenunua kufuli."

Mnamo mwezi wa kwanza mwaka huu bangili ya Kidoti ilinasa kwenye cherehani, uzi mmoja ukakatika. Niliuunga kwa lehemu. Upande wa nje nilipiga tupa pasionekane kitu. Upande wa ndani nilibakiza kinundu, ukubwa wa punje ya mtama, ili uzi usiachie tena. Naomba afisa aandike jambo hili vizuri. Ya Kimya haikuwahi kukatika. Kinundu kipo kwenye ya Kidoti peke yake.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa sita, siku ya Jumanne, saa sita na dakika arobaini mchana, Kimya aliingia dukani kwangu kwa mlango wa uani. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeiangalia nipate kuzima jiko la kuyeyushia. Jicho lake moja lilikuwa limeziba, na mdomo umepasuka. Sikumuuliza kilichotokea. Alisema, "Naondoka leo, mama. Nikirudi pale nyumbani, safari hii ataniua."

Alinipa bangili yake ndani ya flana. Alieleza kwamba mume wake anaijua, na akianza kumtafuta ataulizia watu kwa alama hiyo. Nimtunzie, akipata pa kukaa ataniarifu. Nilimuuliza ametokaje kiwandani saa za kazi. Akasema amepenya kwenye tundu la kutupia mabaki ya vitambaa, mlinzi hajamwona, na kwenye daftari la getini bado anahesabika yuko ndani. Kidoti ameshika zamu yake stoo, anahesabu vifungo, na msimamizi akiuliza atasema Kimya yuko chooni. Nilimfunga mtandio wangu kichwani, nikaushusha mpaka kwenye jicho. Anakokwenda sikutaka kukujua, nisije nikaulizwa. Hakukaa hata robo saa.

Siku hiyohiyo, saa tisa na dakika kumi, niliona moshi juu ya kiwanda. Moto ulianzia kwenye nyaya za stoo. Wafanyakazi wote walitoka isipokuwa wawili ambao daftari lilionyesha hawakutoka, Kidoti na Kimya. Mwili uliopatikana ni mmoja, ndani ya stoo, na haukuweza kutambulika kwa sura. Vifusi vilichambuliwa siku tatu, hakikupatikana kingine. Hospitali ilisema vipimo vya kulinganisha damu na ukoo havipo pale. Kilichobaki cha kutambua ni bangili iliyokuwa mkononi.

Mnamo tarehe 12 mwezi wa sita, saa nne asubuhi, niliitwa katika kituo hiki. Mume wa Kimya alikuwa amesimama kwenye korido, na mama yake Kidoti ameketi sakafuni kando ya mlango. Sote tulionana. Afisa alinitolea bangili kwenye bahasha ya kaki. Ilikuwa nyeusi tupu. Niliigeuza mara moja tu, na kidole changu kikagusa kinundu.

Afisa aliniuliza kama naweza kujua ni ya nani kati ya wale wawili. Nikajibu kwamba zote mbili nilizitengeneza siku moja, kwa nyuzi zilezile na kipimo kilekile, na sikuzitia alama. Ndivyo ilivyoandikwa, na neno kwa neno ni kweli. Ila swali sikulijibu.

Sababu yangu ni hii. Ningesema ni ya Kidoti, swali la pili lingekuwa Kimya yuko wapi, na mwenye kuulizia alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Niliiona mikono yake, nikakumbuka jicho lililoziba. Nikafikiri aliyekufa amekwisha kufa, simwongezei wala simpunguzii kitu, bora nimwokoe aliye hai. Nilijiona nina akili sana.

Mume wa Kimya alisema bangili ni ya mkewe na mwili ni wa mkewe. Alilia, na sina uwezo wa kusema kilio chake kilikuwa cha uongo. Mama yake Kidoti hakubishana naye. Alipoona mtu mwingine anaudai mwili ule, uso wake ulifunguka. Alimpa mkono mume yule, akampa pole, kisha akatoka akitembea upesi kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Mwili ulizikwa tarehe 15 mwezi wa sita kwa jina la Kimya.

Tangu hapo mama yake Kidoti hajakaa chini. Yeye hufua mashuka katika nyumba ya wageni, na kila akitoka kazini huzunguka hospitali. Alisikia kwamba mtu akivuta moshi mwingi anaweza kusahau hata jina lake, basi akashikilia hilo. Alibandika picha ya mwanawe kwenye milango ya maduka. Kwangu alikuja na gundi yake mwenyewe. Picha nilimshikia mimi, yeye akapaka.

Jana, tarehe 1 mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, alikuja tena. Nilidhani analeta picha nyingine. Akasema anataka hereni za nyuzi tatu, zifanane na bangili ya mwanawe, kwa kuwa siku yake ya kuzaliwa imekaribia. "Akirudi azikute," alisema. Nilikuwa na jozi moja tayari. Aliziweka kiganjani, akazipeleka mlangoni penye mwanga, akarudi.

Kisha akasema, "Nifundishe na kuzitunza, dada. Yule mtoto hajui kutunza kitu. Nitamtunzia mimi."

Nilianza kumwambia kama ninavyowaambia wote. Maji yasizifikie. Marashi kwanza, hereni baadaye. Nilipofika kwenye kitambaa cha kufungia, niliacha hapo. Niliomba akae, akakataa. Nikamweleza akiwa amesimama. Nilimweleza habari ya kinundu, ya tundu la mabaki ya vitambaa, ya vifungo, na ya nani alipaswa kuwa stoo saa ile.

Aliuliza jambo moja, kama nililijua siku ileile ya bahasha. Nikasema ndiyo. Akazirudisha hereni juu ya meza, moja baada ya nyingine, akazilinganisha zikae sawa.

"Siku zote hizi," akasema, "kila jioni nampakulia."

Akasema pia kwamba mwanawe amezikwa na mwanamume ambaye hata salamu hawakuwa wakipeana, na kwamba akienda makaburini hatajua amkalie upande gani. Akaniuliza wapelelezi wa kituo huingia kazini saa ngapi. Leo asubuhi nilimkuta ameshafika.

Ninakabidhi bangili ya Kimya kwa afisa, ndani ya flana yake. Iwekwe kando ya ile iliyotoka kwenye moto, na mtu yeyote mwenye kidole aipapase ndani ataona tofauti. Hereni nimempa mama wa marehemu, naye amezipokea bila kuniangalia.

Naomba iandikwe pia kwamba nimelifikiria usiku kucha. Kumrudishia mama huyu mwanawe ni kumwambia mwanamume yule kwamba mkewe yu hai. Ataanza kumtafuta. Afisa amesema watafanya wanaloweza. Sina namna nyingine, nimeambiwa hivyo nami nimekubali, lakini naomba nisihesabiwe kwamba sikujua.

Hayo ndiyo niliyoyafahamu na kuyanyamazia. Nimesomewa kwa sauti, ni maneno yangu, hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

NYONGEZA, saa tano kasoro dakika kumi. Shahidi alifika mlangoni, akarudi, akaomba yafuatayo yaongezwe:

Kuna jambo moja nililiruka. Mnamo tarehe 19 mwezi wa saba, siku ya Jumapili, jioni, nikiwa chumbani kwangu naanua nguo, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa Kimya. Alisema amepata pa kukaa na kazi ya kushona, na jicho limepona. Alizungumza sana, sijawahi kumsikia akizungumza vile. Habari za moto hazikumfikia huko aliko. Alisema simu ya Kidoti haipatikani, akadhani amekasirika kwa sababu hakumuaga vizuri. Akaniuliza, "Kidoti hajambo?"

Nilimwambia hajambo.

Akasema nimpe salamu, nimwambie amemsubiri siku nyingi, aje amtembelee. Nikamwambia zitafika.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA

Yameandikwa nami, mpelelezi wa zamu, na kusomwa kwa shahidi mara mbili. Bangili isiyoungua imepokelewa. Shahidi alionyeshwa ile iliyoungua, akaweka kidole kwenye kinundu bila kuitazama. Nami nimekipapasa, kipo. Kuhusu namba ya simu, shahidi anasema aliifuta jioni ileile. Sikumsukuma zaidi. Malalamiko ya kupigwa kwa mwanamke anayeitwa Kimya yamefunguliwa leo katika jalada lake, na mumewe ataitwa kuyajibu kabla ya kuelezwa lolote jingine. Ombi la kufukua kaburi litapelekwa mahakamani Jumatatu. Nimemweleza mama wa marehemu kwamba huenda likachukua wiki kadhaa, na kwamba kwa sasa jina lililoandikwa pale haliwezi kufutwa. Amesema hana shida na jina. Ameomba tu nimwelekeze kaburi lilipo, kwa sababu leo hana kazi na anaweza kwenda akakaa.