Mayai ya Kishingo

Jumanne, 5 Agosti
Kupukuchua mahindi tangu asubuhi. Upepo mkali, baridi. Mchana binti yetu Editha kafika na bodaboda kutoka stendi. Kakonda. Mama yake kamchinjia jogoo. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumatano, 6 Agosti
Kumbe hakuja kutusalimia tu. Anataka mayai ya Kishingo, yule kuku wa mke wangu asiye na manyoya shingoni. Mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, umepita hapa mara nyingi, wenzake wakafa, yeye akabaki.

Kanieleza kazi ya maabara yao. Yai likianza kutunga kifaranga, wanatoa chembe za uzazi na kuzikuza. Kisha wanahariri vinasaba: wanakata kipande kidogo cha yale maelekezo yanayoujenga mwili, wanakibadili. Wanatafuta kuku asiyeugua mdondo.

Nikamuuliza kama wamempata.

"Bado, baba. Huenda tusimpate."

Jibu hilo nimelipenda. Mariana, mke wangu, kakataa. Kishingo ni uzao wa kuku aliopewa na marehemu mama yake alipoolewa. Anataka vifaranga.

Alhamisi, 7 Agosti
Wamegombana jikoni. Mariana kasema tunataka kumsahihisha Mungu. Editha kamuuliza mbona chanjo huwa anawapa kuku wake. Chakula cha jioni kila mtu na sahani yake, macho chini.

Nimewaza sana shambani. Mahindi yangu si yale ya babu, watu waliyachagua mbegu kwa mbegu. Lakini kuchagua ni kitu kimoja. Kuingia ndani na kukata? Sijui. Naogopa, na sijui hasa naogopa nini.

Jumamosi, 9 Agosti
Mariana kayatoa mayai mwenyewe. Nusu. Mengine kamwachia Kishingo ayaatamie. Nilipomuuliza kilichombadilisha kasema, "Ni mwanangu." Basi. Editha kayapanga kwenye boksi la pumba, kapanda basi na boksi mapajani.

Jumatatu, 18 Agosti
Mdondo umeingia kwa jirani. Nimekwenda Sumbawanga mjini kutafuta chanjo. Maduka yote ya dawa za mifugo, imekwisha. Nimerudi mikono mitupu.

Alhamisi, 21 Agosti
Kuku wetu wamekufa. Shingo zimepinda, kinyesi kijani. Na Kishingo. Safari hii hakupona, kafia juu ya mayai, nayo yamepoa.

Mariana hakulia. Kachukua sufuria safi kaiosha tena. Nimechimba shimo nyuma ya choo. Nina hasira na Editha, na hana kosa lolote.

Jumapili, 14 Septemba
Editha kapiga simu baada ya misa. Chembe kutoka mayai yale zimekubali, zinakua. Kuku tumemfukia hapa kijijini Kasense, na mbegu yake iko hai ndani ya chupa, mbali huko. Nimekaa na jambo hili, sikujua nifurahi au nisikitike.

Kasema njia ni mbili. Zikihaririwa, kuku watakaopatikana hawaruhusiwi kutoka maabara, labda kwa miaka mingi. Zisipoguswa, anaweza kuzipandikiza kwa kuku mwingine, naye akaja kuangua uzao wa Kishingo vilevile alivyokuwa. Hao ataomba kibali atuletee.

"Ila baba, hao mdondo unaweza kuwaua tena."

Nikampa Mariana simu. Editha kamweleza upya zile njia mbili.

"Fanya yote mawili, mama," kamwambia. "Wengine wahangaikie huko. Mmoja niletee alivyokuwa. Nitamlinda mimi."

Kisha kamuuliza kama anakula vizuri.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimefagia banda, nimelipaka chokaa. Mariana kaja kushika ndoo. Tulipomaliza tukaacha mlango wazi, jua liingie mpaka ndani.