Niko Ndani ya Arobaini na Mwanangu Ataka Gurudumu la Idi

Mpendwa Bi Mejumaa,

Shikamoo mama, na salamu kutoka kwetu Kuze. Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito na mtoto kifuani, kwa hivyo mwandiko ukienda upande unisamehe, na nakuomba unishike mkono kwa maana humu ndani nikisema wananicheka na nikinyamaza nalia.

Mimi ni mzazi, nimejifungua majuzi mtoto wa kiume, Sufyan, alhamdulillahi mzima, na tuko ndani ya arobaini, nakandwa asubuhi, nanyweshwa uji wa pilipili manga hadi masikio yanatoa moshi, na mlango wa mbele nausikia tu ukifunguliwa na wengine. Sasa Idi ndiyo hiyo yaja, na ile bustani ya michezo ya ng'ambo ya daraja wameshatangaza sherehe zao, kwamba kutakuwa na gurudumu kubwa lenye taa, na gari moshi la watoto, na yule simba wa nguo anayecheza na kupeana mikono, na fataki za mwisho. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu Ummukulthum, ana miaka sita sasa, tukapanda gurudumu mimi na yeye, tulipofika juu tukauona mji wote umewaka, akanikumbatia shingo akaniambia, "Mama, tusishuke." Nikamwahidi kila Idi tutapanda. Sikujua Sufyan atakuja na mipango yake.

Nilimwuliza mamangu mkwe, Bi Mwanakuu, kama naweza kutoka jioni moja tu, nijifunike vizuri, nisiguse kitu isipokuwa gurudumu. Aliniangalia juu hadi chini.

"Mwanangu," akasema, "mzazi haendi hata duka la hapo chini, wewe wataka kupaa?"

Basi nikaona ikiwa siendi bustanini, bustani na ije kwangu. Nikamwambia mume wangu Zakariya alete kamba kutoka kazini kwao Shimanzi afunge kembea kwenye boriti ya sebuleni, Bi Mwanakuu akasema boriti ile iliwekwa na babu yake, na ikianguka tutamwambia nini marehemu. Kembea ikaishia hapo. Nikapanga maboksi ya nepi yawe gari moshi, nikatundika zile taa za kumetameta zilizobaki harusini kwetu, na Zakariya, masikini, ametoka kufuturu tu baada ya kupakia magunia mchana kutwa na saumu yake, nikamvika blanketi jekundu awe simba. Akanguruma mara moja. Sufyan akaamka akapiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta akauliza, "Kheri huko?" Ummu akatuangalia sote, mimi na simba wangu, akasema kwa upole kabisa, "Mama, hilo ni boksi la nepi."

Lakini si hilo lililoniuma. Wifi yangu Fadhiya, dadake Zakariya, alikuja kusema siku ya pili ya Idi anawapeleka wanawe kule bustanini na angependa Ummu afuatane nao. Nikamjibu, "Ummu hataki kwenda bila mamake, amesema atanisubiri." Fadhiya akashangaa kidogo, akaenda zake. Kumbe alikuwa ameshamwambia mtoto mlangoni. Ummu akaja mbio akaniuliza, "Shangazi akija kunichukua nivae viatu vyeupe ama vile vya dhahabu?" Nikamwambia mwaka huu hatuendi, tuna mtoto mdogo.

Tangu hapo hamwangalii ndugu yake. Siku za mwanzo tulikuwa tukigombana kwa kutaka kumpakata, sasa nikimwambia njoo umshike mkono ananijibu, "Mshike wewe." Jana akamwambia bibi yake kwamba Sufyan arudishwe hospitali, twende tukamchukue baada ya Idi. Wote walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana niliuona uso wake na hakuwa akifanya mzaha.

Bi Mejumaa, nifanye nini humu ndani ili mwanangu aione Idi kama ile ya bustanini na ampende ndugu yake? Nifundishe hata kutengeneza gurudumu, mimi ni mwepesi wa kujifunza.

Wako,
Mama Ummukulthum, Kuze

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka peke yangu hadi nikaulizwa kama mimi ni mzima. Huyo Zakariya mwongeze tende kwenye sahani yake, kwani wako wanaume hawakubali blanketi hata wakitetemeka kwa malaria.

Mara ya pili nilisoma nikimtafuta huyo Ummukulthum aliyesema hataki kwenda bila mamake. Nimemtafuta juu na chini, sikumwona. Nilimwona mtoto anayeuliza habari za viatu. Mtoto anayechagua viatu ameshafika bustanini, kilichobaki nyumbani ni mwili wake tu. Asiyetaka gurudumu lizunguke bila yeye ni wewe, Mama Ummukulthum, na maboksi yale ya nepi uliyapanga kwa ajili ya abiria mmoja, naye si Ummu.

Usiinamishe kichwa. Kupenda taa si dhambi. U msichana bado, umefungiwa, mwili unauma, kila anayeingia anauliza habari za mtoto na wewe anakupita kama mlango. Mimi dadangu aliolewa nikiwa ndani ya arobaini, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikasikia vifijo dirishani na nikamchukia kila aliyekuwa akicheza. Bibi harusi pia. Kwa hivyo nakujua.

Lakini hapa nitakukaripia, na unisikilize. Mwaliko ulikuja, ukaukataa wewe, kisha ukamtwika Sufyan lawama. Mtoto ambaye hata shingo yake haijakaza, umemwambia dadake kwamba yeye ndiye aliyefunga njia. Ummu amekuamini, kwa sababu wewe ni mamake. Sasa anataka kumrudisha hospitali na wewe unashangaa. Mimi pia ningemrudisha.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma jibu hili, weka gazeti chini umpigie Fadhiya simu leo, si kesho. Mwambie, "Wifi, yale maneno yalikuwa yangu, si ya Ummu, na kama bado nafasi yake ipo, aende." Atakucheka, mwache acheke, ni haki yake. Kisha mwite Ummu, Sufyan asiwe mapajani wakati huo, umwambie kwa kinywa chako: "Mimi ndiye niliyekataa, si mtoto. Niliona wivu kwa sababu siwezi kwenda." Watoto wa miaka sita wivu wanaujua kuliko sisi, hutahitaji kueleza sana. Na umwambie viatu vya dhahabu.

Gurudumu usilitengeneze. Ngoja arudi amejaa, anukie bisi na vumbi, hawezi kunyamaza. Hapo umwambie wewe hukuona na Sufyan hakuona, awaonyeshe. Mpe maboksi, mpe taa, mpe na baba yake. Yeye ndiye mwenye bustani, wewe ni mgeni uliyekuja na tikiti. Boksi atakalosema ni gari moshi litakuwa gari moshi, kwa sababu safari hii dereva anaijua njia. Akisema Sufyan ni mfupi mno haruhusiwi kupanda, usimtetee, bustani zote zina kipimo. Kaa naye nje ya geti mngoje. Siku akimruhusu, atakuwa amemruhusu mwenyewe, na ruhusa ya namna hiyo haivunjiki.

Bi Mwanakuu mwachie boriti yake, ana haki. Na ile ahadi ya kila Idi, ipunguze. Idi ya kuchinja utakuwa umeshatoka arobaini, mwambie Ummu inshallah mtakwenda, kisha unyamaze.

Siku ya pili ya Idi, Fadhiya akishamchukua na mlango ukifungwa, lia kidogo ukitaka. Ukimaliza, mlaze Sufyan ubavuni ulale. Nyumba itakuwa kimya hadi magharibi, na hiyo, mwanangu, ni sikukuu ambayo hakuna bustani inayoiuza.

Bi Mejumaa