Mlinganyo Usio na Mtoto

Jumatatu, 7 Julai

Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, kisha nikarudi kwenye tasnifu yangu ya hisabati. Sura ya tatu: jinsi kaboni monoksaidi, hewa ya sumu ya mkaa, inavyoingia kwenye damu na inavyotoka. Mlinganyo asubuhi unakubali, jioni unakataa. Nimechoka. Baridi ya Nanyala mwaka huu haina huruma.

Jumatano, 9 Julai

Tusekile, mke wa kaka, anatetemeka hata mchana. Mimba ya miezi saba. Kaka yuko Zambia na lori. Mama anataka kumwekea jiko la mkaa chumbani. Nimekataa.

"Sisi tumekua na moshi," akasema.

Nikamwambia hewa hii ya mkaa haina moshi wala harufu. 

Ijumaa, 11 Julai

Wifi hakuamka. Tulipofungua mlango: jiko la mkaa, dirisha limezibwa kwa kitenge. Tukamburuta hadi uani. Akatapika, akafumbua macho. Bajaji. Hospitali. Oksijeni.

Mama: "Nilimwonea huruma na baridi hii."

Nina hasira naye. 

Mchana wifi akataka kurudi nyumbani. "Wifi, mimi nimepona. Waambie wanitoe hii barakoa." Kwa hesabu zangu alikuwa sahihi, damu yake ilishaanza kusafika. Daktari akakataa. Akasema damu ya mtoto tumboni huing'ang'ania hewa ile muda mrefu zaidi. Mjamzito anaweza kuwa mzima, mtoto bado yumo kwenye sumu.

Mtu wa kwenye mlinganyo wangu ni mwanaume mwenye afya, amekaa tu. Hana mimba.

Jumamosi, 12 Julai

Moyo wa mtoto unapiga. Zaidi ya hapo daktari haahidi kitu. Mtoto hajacheza tangu jana. Nimejaribu kuandika mlinganyo wa pili, wake. Sina namba za kuweka. Naogopa.

Kaka kapiga simu. Mama hakutaka kuongea naye.

Jumatatu, 14 Julai

Wifi amelalia ubavu. Mama kakaa mlangoni, mbali na kitanda, kama mgeni. Mara wifi akashika tumbo.

"Mama, njoo. Lete mkono, anacheza."

Mama akasita. Akaja. Akauacha mkono pale mpaka chai ya wifi ikapoa, machozi yanamtoka bila sauti.

Nikawaachia chumba. Nje kulikuwa na jua hafifu. Nimejinyoosha kwenye benchi, nikalala.