Alama ya Chini kwa Ajili ya Vumbi

Sumbawanga, Jumanne

Hata wafanyakazi wa hapa wamesema hakuna tatizo. Jibu hilo limenichosha kuliko baridi ya mji huu.

Leo nilikuwa kwenye kiwanda cha unga na alizeti, kupima wanavyotunza mazingira, wanavyowatendea wafanyakazi na wanavyojiendesha, ili niwape alama ambazo wanunuzi wao huzisoma. Maji taka yao yako sawa. Lakini ghala la mahindi limejaa vumbi, na kinamama wanaochambua humo wanakohoa. Nilipowauliza, meneja alisimama nyuma yangu. Nikamwomba atupishe. Alitoka amenuna.

Bado wakajibu hakuna tatizo. Mwishowe Mama Yustina, mkubwa wao, akasema taratibu, "Mwanangu, wewe kesho unaondoka. Sisi tunabaki naye."

Sikuuliza tena. Upande wa wafanyakazi nimeweka alama ya chini, kwa vumbi nililoliona mwenyewe, bila kumtaja mtu. Naogopa mnunuzi wao mkubwa akiiona atahamia kwingine, na watakaokosa kazi ni hao hao kinamama. Ningeweka ya juu, wangeendelea kukohoa. Sijui kama...

Jioni, baada ya kuiona alama, meneja alinipigia. "Dada, umetuonea."

Nikamwambia akiweka feni za kutoa vumbi na kuwapa barakoa, nitarudi kupima upya. Akauliza kama namfahamu fundi mzuri wa feni. Nikamtajia mmoja wa kijiji cha Kaengesa. Sikumwamini sana meneja huyo, lakini aliniomba nirudie jina la fundi polepole, aliandike.