Kipara cha Resti na Baba Yu Hai

Michenga, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu Levina,

Habari za tangu tuagane stendi? Sisi tumefika salama, ila hasira yangu bado haijatulia. Nakuandikia kwa karatasi maana kwenye simu ungenikatiza.

Nilimleta mwanangu Resti Dar kwa sababu ulisema likizo hii unafanya utafiti wa ubongo kwenye maabara ya chuo, na mashine yenu itaonyesha kwa nini anaanguka kifafa. Nikamsuka siku nzima, vidogo vidogo, tena siyo ile misuko ya haraka ya twende kilioni, ili mtoto wa miaka mitano aingie nadhifu kwa maprofesa. Mkanitoa nje nikaweke sahihi. Narudi, kipara! Na wewe ndiye umemshika mikono.

Umesahau kwetu mtoto akinyolewa kipara ghafla maana yake amefiwa na baba? Tumeshuka kwenye bodaboda, mama mkwe kakiona kichwa toka mbali, akajitupa chini: "Beno wangu! Mwanangu amekufa!" Majirani wakaja na unga na kuni za msiba. Mume wangu Beno yuko Mkula anauza mchele, anapigiwa simu aseme kama yu hai! Mama Nickolaus akaniuliza, "Sasa kuni tuzirudishe?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Dada yako,
Digna

Dar es Salaam, 10 Agosti 2024

Shikamoo dada,

Natumaini Resti hajambo na dawa anameza. Poleni kwa usumbufu.

Dada, zile nyaya za mashine lazima zishike ngozi ya kichwa, misuko na mafuta vinazuia. Muda wa mashine ulikuwa mfupi, msimamizi akasema tunyoe, nywele huota. Ni sayansi tu, siyo dharau. Kipimo cha pili ni mwisho wa Septemba. Nakuomba usikose, ripoti yangu inamtegemea.

Mdogo wako,
Levina

Michenga, 14 Agosti 2024

Levina,

Marahaba. Hatujambo.

Ripoti yako inamtegemea? Nilidhani Resti ndiye anakutegemea wewe.

Mlishindwa nini kuniambia jana yake? Ningemfumua kwa mkono wangu, nikamwosha, nikamweleza taratibu. Mimi nimeishia la saba, lakini kuulizwa naelewa. Sasa mtu akimgusa kichwa anapiga kelele, hata mimi niliyemzaa. Hatuji.

Digna

Dar es Salaam, 9 Septemba 2024

Shikamoo dada,

Hamjambo huko? Nilikaa kimya kwa aibu.

Kile kipimo hakisomeki. Resti alilia mwanzo mwisho, na mtoto akilia mistari yote ya kipimo inatikisika, ubongo hauonekani. Tulimnyoa bure. Nilimwambia msimamizi tulipaswa kumuuliza mama. Akasema, "Wewe ni mwanafunzi wa likizo tu." Nikamjibu mbele ya wote, "Mimi ni mama yake mdogo."

Ripoti nimeacha, siitaki tena. Lakini daktari bado anahitaji kipimo ili ajue dawa ipi inamfaa. Yuko fundi mwingine, Happyness, yeye hupitisha nyaya katikati ya mistari ya nywele na hana haraka. Njooni kwa ajili ya Resti, siyo yangu. Nisamehe dada.

Mdogo wako,
Levina

Michenga, 13 Septemba 2024

Mdogo wangu Levina,

Marahaba. Sisi wazima, ingawa juzi Resti ameanguka karibu na jiko, nikamdaka mkono ukiwa umeshafika kwenye majivu ya moto. Ameungua kidogo tu. Kwa hiyo sina nafasi ya kununa, japo hasira ninayo, na huyo msimamizi wako mwambie hivyo.

Nimemuuliza mwenyewe kama anataka kurudi. Amekaa anatafuna muwa, anafikiri, nami nimesubiri. Halafu akasema, "Mama mdogo avalishwe nyaya yeye kwanza. Mimi nikae namwangalia."

Basi tunakuja. Wewe osha kichwa ukae tayari. Na usimwambie haiumi. Ataona mwenyewe.

Dada yako,
Digna